KOBE WA MAJI ANATAKA MAHALI PAKAVU



Wengi wanapita nyuma ya darasa la bioloji, wanaona ile benwari ya zamani yenye maji, kobe ndani yake, na upande mmoja ubao uliovikwa gunia na jiwe bapa juu yake. Kisha wanatuuliza: «Juu ya nini munamutengenezea kitanda? Ile si nyama ya mu maji?» Swali ni zuri. Tunataka kulijibu sasa katika gazeti letu, maana mwezi wa tano umefika, baridi ya Lubumbashi iko njiani, na sisi wa mwaka wa mwisho tunaondoka. Wale watakaobaki na kobe sharti wajue ule ubao uko pale kwa kazi gani. Mwaka uliopita, mwezi wa sita, kobe huyu alikaa siku 17 bila kula, macho yamefungwa, na watu walianza kusema amekwisha. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na maji mengi, na pakavu hakuna.

Kwanza tumjue nyama mwenyewe. Alitoka ziwa Tanganyika, katika wavu wa wavuvi wa Kalemie, na mzazi mmoja alimleta hapa masomoni. Gamba lake liko na urefu wa sentimeta 19. Ukingo wa nyuma wa gamba uko na meno meno kama msumeno. Tumboni, upande wa mbele, kuna bawaba: akiogopa anainua kipande kile na kufunga kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba. Tena shingo yake hairudi nyuma moja kwa moja kama ya kobe wa nchi kavu. Anaikunja kando, chini ya ukingo wa gamba. Kwa alama hizo wataalamu wanamwita Pelusios sinuatus. Jina hilo la pili alipewa tangu mwaka 1838. Jamaa yake wanaishi katika mito na maziwa kutoka Somalia mpaka Afrika ya Kusini. Wanafunzi wa interna wanamwita Yona, kwa kuwa alitoka mu maji na kutupwa pakavu. Jina limemfaa kuliko walivyofikiri.

Kobe wa maji si samaki. Hana matamvua, anapumua kwa mapafu kama sisi, na anaweza kuzama na kufa. Katika ziwa hapati shida: akichoka, anatafuta ufuko, mwamba au mti ulioanguka. Lakini benwari iko na kuta za utelezi, zinapanda wima. Mtieni ndani bila kitu cha kupandia, ataogelea mchana na usiku akitafuta mwisho wa ukuta ule. Watu wanaomtazama wanasema «anacheza».

Hata hivyo kupumzika ni sehemu ndogo. Neno kubwa ni joto. Sisi tunatengeneza joto letu ndani ya mwili kwa chakula. Ukila bukari, sehemu kubwa inakwenda kukuweka kwenye digrii 37. Kobe hafanyi hivi. Mwili wake unafuata joto la mahali alipo. Maji yakiwa digrii 16, yeye pia yuko karibu na digrii 16, na tumbo lake, moyo wake na misuli yake vyote vinakwenda polepole. Akila wakati ule, chakula kinabaki tumboni bila kusagwa, na kinaweza kuoza mle ndani. Basi kobe anayekataa kula kwa baridi hana kiburi, anajilinda. Msimfungue kinywa kwa nguvu na kumsukumia samaki, kama wengine walivyotaka kufanya mwaka ule. Mpeni joto kwanza. Njaa itakuja yenyewe.

Joto hilo analipata kwa kuota jua. Anatoka mu maji, ananyoosha shingo na miguu ya nyuma, anatandaza vidole ili ngozi yote ipate jua, na mwili unapanda mpaka digrii 30 au zaidi. Kisha anarudi majini akiwa na nguvu ya kutafuta chakula. Kobe wa namna hii wanapenda jua sana. Huko kusini mwa Afrika watu wameona mara nyingi kobe hawa wakipanda juu ya mgongo wa kiboko aliyelala majini, wakiota jua hapo wengi pamoja, na kiboko hawafanyi kitu. Sisi hatuna kiboko, tuko na ubao.

Tena jua linafanya kazi mbili ambazo moto wa makala hauwezi. Linakausha gamba, na gamba likikauka vizuri kila siku, ukungu na majani ya maji hayapati mahali pa kushika, na mirumba wanaonyonya damu wanaachilia. Kazi ya pili haionekani kwa macho: katika nuru ya jua kuna mionzi ya ultravioleti, na ngozi ikipigwa na mionzi ile inatengeneza vitamini D. Bila vitamini D mwili hauwezi kuchukua kalisiamu ya chakula, hata ukimpa ndagala nzima na mifupa yake yote. Gamba ni mfupa. Kobe mchanga anayekosa jua miezi mingi, gamba lake linalainika, linapinda, na likishapinda halirudi. Ni sawa na matege ya watoto wanaofungiwa nyumbani.

Hapa tunajibu wale waliosema: «Mumuweke mu darasa, karibu na dirisha, jua linaingia.» Kioo cha dirisha kinapitisha mwangaza na joto, lakini mionzi ile inayotengeneza vitamini D inabaki nje karibu yote. Kobe nyuma ya kioo anapata joto, lakini gamba halipati dawa yake. Ni lazima jua lenyewe, bila kitu katikati.

Sasa mahali. Somo hili linatoka katika jiografia, na linashinda mengine yote, kwa hiyo tusomeane polepole. Lubumbashi iko kwenye digrii 11 na dakika 40 kusini ya ikweta. Mwezi wa kumi na mbili jua la saa sita liko karibu utosini, limeinama kidogo kuelekea kusini, digrii 12 hivi. Lakini tarehe 21 ya mwezi wa sita jua liko juu ya mstari wa digrii 23 na nusu kaskazini. Ukijumlisha, utaona kwamba kwetu saa sita mchana linakuwa limeinama digrii 35 upande wa kaskazini. Simamisha fimbo ya meta moja siku ile: kivuli chake kitakuwa cha sentimeta 70 kuelekea kusini. Darasa la bioloji lina ukuta wa meta 4, na benwari iko nyuma yake, ndiyo kusema kusini. Fanyeni hesabu: kivuli cha ukuta kinafika karibu meta 2 na sentimeta 80 saa sita kamili, na asubuhi kinakwenda mbali zaidi. Katika masika mahali pale panapata jua siku nzima. Katika baridi, pale pale, penye jua palegeuka kuwa kivuli, na hakuna mtu aliyesogeza kitu. Ndiyo ile habari ya siku 17.

Basi kwa miezi ya baridi benwari inakaa hatua kumi kutoka ukutani, karibu na mwembe lakini upande wake wa kaskazini, ili kivuli cha mti kianguke mbali. Kuibeba kunataka vijana sita, maji yakiwa yamekwisha kumwagwa. (Mwaka huu walijitokeza kumi na wanne, kumi kati yao wakitoa shauri.) Na jambo hili ni la kumshukuru Mungu katika mji wetu: miezi ya baridi kali ndiyo miezi isiyo na mawingu. Usiku hewa inashuka chini ya digrii 10, lakini kutoka saa tatu asubuhi jua linawaka tupu mpaka jioni. Nyama anayejua kuota jua anaweza kupita kipindi kile vizuri, mradi tumpe kiti.

Kiti chenyewe tumekitengeneza hivi. Mwisho mmoja wa benwari tulipanga matofali ya kuchoma, yamebanana bila nafasi kati yao. Nafasi ni hatari: kobe akiingiza kichwa chini ya tofali au chini ya ubao na kukwama, anakosa hewa na kufa kimya, nanyi mnafikiri amelala. Juu ya matofali kuna ubao wa urefu wa sentimeta 60 na upana wa 35. Kipimo ni hiki: kobe aweze kulala amenyoosha miguu yote na kugeuka bila kuanguka, ubao unaozidi mara mbili urefu wa gamba unatosha, na akikua mtabadilisha. Ubao uko sentimeta 4 juu ya maji. Ukigusa maji hautakauka, na kobe hatakauka pia. Kisha ngazi: ubao mwingine wa sentimeta 50 unaoteremka ndani ya maji, mwisho wake ukiwa sentimeta 20 chini ya mwanzo wake. Mwinamo ukiwa mkali kuliko huo, anajaribu mara mbili tatu, anateleza, anaacha. Ngazi sharti iingie kabisa majini, maana kobe hajui kuruka. Anataka kuanza kutembea akiwa bado anaogelea.

Tulijaribu pia kiti cha kuelea: ubao juu ya chupa nne za plastiki za lita moja na nusu, zimefungwa kwa mpira wa ndani wa kinga. Kwa sheria ya Archimedes chupa hizo zinaweza kubeba karibu kilo 6, na kobe hafiki hata kilo mbili. Uzito haukuwa shida. Shida ni kwamba anapanda kwa ukingo mmoja, na ukingo ule unazama wakati ule mwingine unainuka. Kwa bwawa ambalo maji yanapanda na kushuka, kiti cha kuelea ni kizuri kama kimefungwa ku ukuta kwa upande mmoja. Kwa benwari, matofali yanashinda.

Juu ya mbao tumevika gunia la katani, misumari imepigwa chini, mahali kobe hafiki. Gunia la plastiki hapana: nyuzi zake zinakatika na kuzunguka vidole mpaka damu inasimama. Mbao zenyewe ni za benchi la zamani, hazina rangi wala dawa ya mchwa.

Tuseme juu ya mawe, kwa kuwa hapa kwetu mawe ni majaribu. Jiwe jeusi linavuta joto la jua kuliko jiwe jeupe, na kobe anapenda kuweka tumbo juu yake. Lakini msiende kutafuta mawe meusi ya kile kilima cha takataka za kiwanda tunachokiona wote mjini. Yale ni masizi ya madini, yana kobalti na zinki, na si kitu cha kuweka mu maji ya nyama. Vilevile malakiti. Ndugu mmoja alileta kipande kizuri sana cha kijani kibichi, akisema kitapamba makao ya Yona. Ule ukijani ni shaba, na shaba ikiyeyuka kidogo kidogo majini ni sumu kwa samaki na konokono tunaomlisha, na si nzuri kwake mwenyewe. Malakiti ibaki kabatini pamoja na mawe mengine ya jiolojia. Jiwe letu ni la kawaida, la mtoni, limesuguliwa na maji mpaka halina makali.

Jua likizidi pia ni hatari. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua, jiwe linaweza kuunguza. Wekeni kiganja juu yake na kuhesabu mpaka kumi; mkono usipovumilia, tumbo la kobe pia halivumilii. Kwa hiyo nusu ya benwari inafunikwa kila siku kwa kipande cha bati juu ya fito, ili awe na upande wa moto na upande wa baridi. Yeye mwenyewe anajua kuchagua kuliko termometa. Akikaa juu ya ubao kinywa wazi, amepata moto kupita kiasi. Akikaa juu ya ubao siku nzima hataki kabisa kuingia majini, pimeni maji, huenda ni baridi mno; na kama anaelea ameinama upande mmoja, mwiteni mwalimu siku ile ile, maana inaweza kuwa ugonjwa wa mapafu.

Na kama hapandi kabisa? Mara nyingi sababu ni sisi. Kobe akiona kivuli cha mtu anajitupa majini mara moja, na inamchukua muda kurudi. Anayeshtuliwa mara kumi asubuhi amekosa jua hata kama jua liko. Wale wa mwaka wa kwanza wanaokuja saa ya mapumziko kumtupia mbegu za maembe «aamke», tunawaomba kwa upole waache. Tutakuwa na sauti isiyo ya upole juma lijalo.

Katika masika kazi inabadilika. Maji yanakuwa na joto la kutosha, lakini mawingu yanaweza kukaa siku tatu nne. Kobe anaweza kungoja siku hizo. Zikizidi, tunamwingiza katika chumba cha vifaa na kumtundikia ampule ya wati 60, sentimeta 30 juu ya ubao, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililotobolewa. Iwe ampule ya zamani, ile yenye uzi ndani. Hizi mpya za kupunguza umeme zinatoa mwangaza bila joto. Hata ile ya zamani haitengenezi vitamini D, inapasha tu. Waya ufungwe kwa misumari miwili, kwa sababu ampule ikianguka majini si kobe peke yake atakayekufa, na yule aliye na mikono mibichi asiguse.

Usiku wa baridi ulileta mabishano. Maji ya benwari yakiachwa nje yanapoa mpaka asubuhi, kwa hiyo jioni tunamtoa kobe na kumweka ndani ya beseni lenye maji kidogo. Wengine walitaka beseni likae jikoni, penye makala. Mama wa jiko alikataa: «Batoto, musilete ile nyama karibu na sufuria yangu!» Alikuwa na haki. Kobe, hata mwenye afya, anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo vinaleta homa na kuhara kwa watu. Huko Marekani, tangu mwaka 1975, sheria inakataza kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimeta 10, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwashika, wakitia vidole kinywani, na kuugua. Basi beseni liko katika stoo, nyuma ya ukuta wa jiko, ambao unabaki na joto. Maji yake yanamwagwa chini ya migomba, si karibu na bomba, na kila anayemgusa ananawa na sabuni. Makala yanayowaka yasiingizwe ndani ya stoo iliyofungwa, kwa kobe wala kwa mtu. Hewa yake inaua.

Limebaki neno la likizo kubwa. Interna itafungwa mwanzo wa mwezi wa saba, ndiyo kusema katikati ya baridi. Prefe ametuambia wazi: kama hakuna watu wa kumtunza kila siku, kobe arudishwe Kalemie na yule mzazi anayesafiri mwisho wa mwezi wa sita. Kati yetu wengine wanasema ni aibu kumrudisha, wengine wanasema tumtupe tu mu mto Kafubu. Sisi tunaona hivi: kumrudisha alikotoka si aibu hata kidogo, na Kafubu hapana. Nyama anayetupwa katika maji yasiyo yake anaweza kupeleka magonjwa au kusumbua wale waliomo. Ulaya, tangu mwaka 1997, walikataza kuingiza kobe wa Marekani wenye masikio mekundu, kwa sababu watu walichoka kuwafuga na kuwatupa katika mito.

Lakini tungependa abaki. Papa zamu amekubali kumtoa asubuhi na kumwingiza jioni kama atapata wasaidizi wawili wanaokaa karibu na masomo, watakaokuja saa tatu kusafisha ubao, na mara tatu kwa juma kuleta chakula: ndagala, minyoo, konokono, majani ya lengalenga. Wanaotaka waandike majina yao kwa mwalimu wa bioloji mbele ya tarehe 10 ya mwezi wa sita. Termometa iko ku kabati la pili, upande wa kushoto, pamoja na daftari la vipimo. Gunia la kubadilisha limefuliwa, liko ndani ya ndoo nyeusi.